Nyonga za Meja: kopo la laki mbili kasoro limechapwa na mpira wa sakafuni wa Kariakoo

Ntaanza na kopo maana ndilo lililokula hela nyingi. Unga wa maungo ya mbwa, umetoka nje, kopo jekundu la gramu 400, juu wamechora mbwa anaruka kiunzi mgongo umenyooka kama yuko gwaride. Sh 185,000. Nimenunua makopo manne, la nne bado lina muhuri wake, na baada ya miezi yote hiyo maoni yangu ni kwamba nimemlisha mbwa wangu Meja, mwenye nyonga legevu, chaki yenye harufu ya kuku. Tatu kwa kumi, na hizo tatu ni za harufu tu, maana Meja alikuwa analamba bakuli mpaka bakuli linahama jikoni linatokea sebuleni.

Muuzaji simsemi, mzigo ulifika siku hiyohiyo na bodaboda wake ana adabu. Nausema unga wenyewe. Ndani kuna glukosamini na kondroitini, ambazo kwenye maelezo wanasema zinajenga gegedu, ule mfupa mlaini mweupe mnaougugunaga kwenye supu. Dokta wangu aliniambia mapema kabisa, hivyo vitu vimepimwa sana kwa mbwa na matokeo yake hayaeleweki, kama hela inakuwasha nunua mafuta ya samaki, hayo angalau yana ushahidi wa maana kidogo. Sikumsikia. Mbwa wako akiwa anaumwa na wewe huna la kufanya unataka kununua kitu, chochote, hasa kikiwa na kijiko chake humohumo ndani. Nilijuaje kwamba haufanyi kazi ntafika, kuna mzee hapa amenisaidia kuliko maabara.

Meja ni jamani shepadi, dume, ana miaka miwili na miezi miwili. Tulimnunua wa miezi miwili kwa sh 700,000 kwa jamaa aliyesema ana pepa zote, mama yake tulimuona kwa mbali yuko bandani amelala, baba yake tulioneshwa picha kwenye simu. Hatukuuliza kwa nini mama hainuki. Sa hivi ningeuliza.

Aliyegundua tatizo sio mimi wala baba watoto, ni mlinzi wetu, mzee wa Kilwa, ambaye kumgusa mbwa hamgusi kwa ajili ya udhu wake, ila ndiye anayekesha naye usiku kucha hatua tatu tatu. Asubuhi moja ananiambia, "Mama, kijana wako anakimbia kama sungura." Mi nikadhani anamsifia. Akatikisa kichwa. "Si sifa mama. Miguu ya nyuma anairusha yote miwili kwa pamoja, haipishani. Na akishakaa, kuinuka kwake kama kuinuka kwangu." Mzee ana miaka sitini na ushee. Meja alikuwa na miezi tisa.

Kliniki ya kwanza siitaji jina. Ina kiyoyozi, ina tenki la samaki mapokezi, na kijana wa mapokezi anajua jina la mbwa wako kabla ya lako. Dokta akamtazama Meja akitembea kutoka mlangoni mpaka mezani, basi, akasema anakua haraka nguvu hazijamfikia miguuni, akachoma sindano. Kwenye kadi imeandikwa deksa. Siku tatu mbwa mzima kabisa, anacheza, ila alikunywa maji ndoo na ndoo, akakojoa mpaka kwenye zulia, na akala kama anahama nchi. Siku ya nne karudi palepale. Tukarudi akachomwa, tukarudi tena akachomwa, mara tatu ndani ya wiki tatu, kila sindano sh 35,000, na katika zote hizo hakuna mkono uliomgusa nyonga wala mdomo uliotaja eksirei. Deksa ni steroidi, inazima maumivu na uvimbe kweli, lakini haijibu swali la kwa nini mbwa mchanga hawezi kuinuka.

Alafu tukaongeza na letu. Baba watoto kwa huruma yake akachukua diklofenaki zake za mgongo akaficha moja kwenye nyama. Naandika hili japo linaniaibisha kwa sababu najua kuna nyumba zingine linafanyika leo. Kesho yake Meja anatapika, na choo chake cheusi kinang'aa kama lami. Hiyo ni damu iliyotoka tumboni. Steroidi na dawa za maumivu za aina hiyo zikikutana tumboni mwa mbwa zinachimba vidonda, na hata bila steroidi, diklofenaki na ibuprofeni za watu sio za mbwa kabisa, vipimo vyake na miili yao haviendani. Alilala na dripu siku tatu. Sh 240,000 na usingizi wangu.

Huko kwenye dripu ndo nikampata dokta wa sasa. Dada mmoja mtaratibu, amesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, kliniki yake ni vyumba viwili na feni inayolia. Tisa kwa kumi. Moja nimempunguzia kwa sababu hana mashine ya eksirei, ukitaka picha anakuandikia unaenda pengine, foleni, unarudi na picha kwenye bahasha kubwa kama matokeo ya kidato cha nne. Lakini mikono yake! Meja alipopona tumbo akamchoma sindano ya usingizi, akasema bila usingizi misuli inakaza inaficha ulegevu. Akamlaza, akashika goti akalisukuma kuelekea mgongoni, alafu taratibu akaanza kulifungua kwa nje, akaniambia, "Mama Meja, weka kiganja hapa." Nikaweka juu ya nyonga. Nikahisi tko. Sio sauti, ni kitu unakihisi mkononi, mfupa ulikuwa umetoka kwenye kikombe chake na sasa unarudi. Akafanya upande wa pili, tko ndogo zaidi. Dakika mbili. Wale wengine walikuwa na wiki tatu.

Picha ilipotoka akanifundisha kuisoma, na hapa nampa maksi zake zote. Mfupa wa paja juu una kichwa cha mviringo, na nyonga ina kikombe, kichwa kinatakiwa kizame kwenye kikombe. Cha Meja upande wa kushoto kiko nusu nje, kikombe chenyewe hakina kina, na pembeni mfupa umeanza kuota vijiti vya baridi yabisi. Kama mchi mwembamba ndani ya kinu kipana, akasema, kila ukitwanga unagonga kuta. Inaitwa displasia ya nyonga. Mtoto anazaliwa nyonga ziko sawa, ulegevu unakuja anavyokua, urithi ndo unaoanzisha, alafu uzito na kukua kwa kasi vinamalizia. Mbegu kubwa ndo waathirika wakuu, majamani shepadi, malabrado, marotwaila, na hata hawa maboerboel ambao kila geti la Mbezi linao sa hivi.

Nikauliza upasuaji. Akaniambia ukweli bila kunipaka mafuta: kuna mdogo unaofanywa mtoto akiwa wa wiki kama 12 mpaka 20, tumeshapitwa. Kuna wa kukata nyonga na kuigeuza ili kikombe kifunike vizuri, ule unataka mbwa mdogo ambaye bado hana baridi yabisi, na yetu imeshaanza kuota. Kuna wa kukata kichwa cha mfupa kabisa misuli ikabaki inashikilia, huo tuuweke akiba. Na kuna nyonga ya bandia, ambayo bei yake ukiongeza na safari unapata kiwanja Chanika. Kwa hiyo tukabaki na kumtunza. Akaandika kwenye karatasi mambo, la kwanza kabisa halikuwa dawa. Liliandikwa: KILO NGAPI?

Sikujua. Na ye kliniki yake mizani ya mbwa mkubwa hana, ndo nikaanza kwenda kwa wanunua skrepa mtaa wa pili. Hii huduma naipa kumi kwa kumi bila aibu. Wana mizani ile pana ya chini ya kupimia vyuma chakavu, Meja anapanda bila kuruka maana iko usawa wa ardhi, vijana wanasubiri atulie, sh 500 kwa mara moja na kejeli juu. "Dada huyu tumuandike chuma cha daraja gani?" Mara ya kwanza kilo 39. Kwa miezi tisa! Jamani shepadi dume mzima aliyemaliza kukua anatakiwa awe kati ya kilo 30 na 40, sasa huyu ni mtoto na mifupa yake bado laini, amebeba uzito wa baba mtu.

Na ni sisi tuliomjaza. Ugali wa dona, utumbo, mabaki ya pilau, watoto chini ya meza kila mmoja na mkono wake wa siri. Juu ya hapo yule aliyetuuzia alituambia tumpe DCP, ile kalsiamu ya unga ya kuku kutoka duka la dawa za mifugo, kijiko kila siku ili masikio yasimame na apande juu. Dokta aliposikia DCP akaweka kalamu chini. Mtoto wa mbegu kubwa hawezi kuikataa kalsiamu inapozidi, tumbo lake linaichukua tu, na mifupa inakua vibaya. Kwenye chakula kizuri cha watoto wa mbegu kubwa kalsiamu imeshapimwa, ukiongeza unaharibu. Kama kuna mtu yuko na kijiko mkononi sa hivi aweke chini na yeye.

Akanisimulia utafiti wa Purina wa huko Marekani ambao matokeo yake yalitoka 2002: malabrado 48, ndugu wa tumbo moja wawili wawili, mmoja analishwa kama kawaida, mwenzie analishwa robo pungufu, maisha yao yote. Wale wa robo pungufu waliishi karibu miaka miwili zaidi na baridi yabisi iliwachelewa. Robo ya bakuli tu! Mi ndo hapo nikaacha kumuonea huruma anaponitazama. Akanionesha na namna ya kupima bila mizani: kunja ngumi, papasa juu ya vifundo vya vidole, ukizisikia mbavu za mbwa hivyo basi kakonda mno. Fungua kiganja, papasa kwenye mnofu chini ya kidole gumba, ukizisikia hivyo basi kanenepa. Nyoosha mkono papasa mgongo wa kiganja, hapo ndo penyewe. Meja alikuwa mnofu wa kidole gumba kabisa, mbavu nazitafuta kama funguo chini ya mkoba.

Tulimshusha taratibu mpaka kilo 32 ndani ya miezi minne na nusu, na sasa anacheza kwenye 33. Chakula kikavu cha mbegu kubwa, mfuko wa kilo 15 nanunua sh 160,000, ni ghali najua, lakini kwa kuwa anakipimiwa mfuko unafika mwezi na siku zake. Jioni naongezea kiganja cha dagaa wa Mwanza waliooshwa mchanga ukaisha, kwa ajili ya yale mafuta ya omega, na nikiwa na hela nanunua vidonge vya mafuta ya samaki. Sio yale ya ini la samaki tunayonyweshaga watoto, yale yana vitamini A na D nyingi, mbwa akipewa kila siku zinamrundikana mwilini. Nilitaka kuchanganya, dokta akanikataza.

Sasa mpira. Nyumba yetu ni tailizi mwanzo mwisho, zile nyeupe za kung'aa ambazo fundi alituambia ni za kisasa. Kwa mbwa mwenye nyonga legevu hiyo ni sabuni. Kila akiinuka miguu ya nyuma inafunguka pembeni kama bikari, anavuta, inafunguka tena, na kila kufunguka ni mchi unagonga kinu. Nikajaribu mikeka ya plastiki, inateleza yenyewe pamoja na mbwa juu yake, mbili kwa kumi, usinunue. Nikajaribu yale masponji ya rangi ya watoto ya kuunganisha, Meja akala herufi B yote na nusu ya samaki, nne kwa kumi kwa sababu yalishika vizuri kabla hayajaliwa. Alafu nikiwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto natazama chini naona ule mpira mweusi wenye mistari, mvua imenyesha, watu wamebeba ndoo, na hakuna anayeteleza. Nikashuka Kariakoo siku hiyohiyo.

Upo kwenye maduka ya vifaa vya magari na ya mazulia, wanakata kwa mita, mi nilipata kwa sh 14,000 baada ya kubembelezana, nikachukua mita 22. Njia kutoka anapolala mpaka mlangoni, mbele ya bakuli, na chini ya ngazi mbili za baraza. Kasoro zake nazisema: wiki ya kwanza nyumba inanuka gereji, mchana wa Desemba ukipigwa jua unaunguza nyayo, na sebule yangu sasa ni kama unasubiri konda aseme shusha. Wageni wanaangalia wananyamaza. Lakini Meja siku ya kwanza alisimama katikati ya mpira akaangalia miguu yake, nakwambia ukweli, akaiangalia, akatembea mpaka mwisho wa mpira akageuka akarudi. Hakutaka kukanyaga tailizi siku nzima. Tisa na nusu kwa kumi. Ila mpira peke yake bila kumkata kucha na kumnyoa manyoya yanayoota katikati ya vidole ni kazi bure, manyoya hayo yanakuwa kama soksi.

Kuogelea. Dokta alisema misuli ya mapaja ndo inayoshikilia nyonga sasa, na ikiwezekana ijengwe bila kugonga mifupa, yaani majini. Kuna kijana Kigamboni anaogelesha mbwa, sh 15,000 kwa nusu saa, ana jaketi la kuelea la mtoto analolifunga tumboni kwa mbwa na kamba ndefu. Kwa mbwa ni fundi kabisa. Anakwenda na maji, ukimpigia anakwambia njoo saa kumi maji yanajaa, maana yakipwa unatembea kwenye matope na urumba, wale viumbe wa bahari wenye miiba, na mbwa akikanyaga urumba hiyo ni safari ya dokta tena. Meja mara ya kwanza alikunywa bahari akaharisha njia nzima ndani ya Noah. Mara ya tatu ndo nikaona kitu sijakiona tangu awe mdogo: maji yalikuwa angavu, nimesimama yamenifika kiunoni, naangalia chini naona miguu yake ya nyuma inapishana, huu, huu, huu, sio ile ya sungura. Nilipiga kelele watu wakadhani tumezama.

Nane kwa kumi. Mbili nimekata kwa sababu Jumamosi humpati, tiki za bluu anaziacha hivyohivyo, na mara moja tumevuka na pantoni tumefika ufukweni tunaambiwa yuko Bagamoyo kwenye harusi. Mkirudi msuuze mbwa kwa maji ya bomba na mkaushe masikio, chumvi inawasha.

Vingine kwa haraka. Kitanda cha mbwa cha kuagiza, cha sponji maalum, sh 210,000: alikitafuna siku mbili, moja kwa kumi. Godoro la inchi nne la kitanda cha mtoto, gumu, nimelivalisha mfuko wa turubai, sh 48,000: mwaka wa pili huu, nane. Ngazi ya mbao ya kupandia kwenye Noah, fundi seremala sh 45,000 na kipande cha mpira kilichobaki nimegongelea juu: tisa, maana kuruka kwenye gari na kushuka ndo vitu vya kwanza dokta alivipiga marufuku pamoja na mpira wa kurusha. Mkanda wa kifuani wenye mshikio mgongoni: mzuri kwa mbwa anayevuta, kwa nyonga haukusaidia chochote kwa sababu unamuinua mbele wakati yeye anazama nyuma. Kilichomuinua nyuma ni khanga. Unaikunja kwa urefu unaipitisha chini ya tumbo karibu na mapaja unashika ncha mbili juu, unamsindikiza ngazi. Yangu imeandikwa Usisafirie nyota ya mwenzio, na Meja nadhani ameshaisoma.

Sasa lile swali, nilijuaje kwamba unga haufanyi kazi. Dokta alinionya toka mwanzo, mbwa wengi wenye shida hii wakifika mwaka na nusu hivi wanapata nafuu zao wenyewe, kiungo kinajikaza kwa makovu, maumivu ya ujana yanatulia, baridi yabisi ndo inakuja kudai baadaye. Kwa hiyo akipata nafuu usikimbilie kumshukuru uliyemlipa. Hilo neno lilinikaa. Ndo nikamuomba mzee wa getini anisaidie: kila alfajiri adhana ikilia Meja huwa anainuka alipolala barazani, mzee ahesabu kajaribu mara ngapi mpaka kasimama, aniambie tu namba. Nilikuwa natia unga wiki nne, naacha wiki nne, mzee hajui lini natia lini sitii, baba watoto hajui. Nikaandika kwenye kalenda ya ukutani. Wiki za unga: mbili, mbili, moja, mbili. Wiki za bila unga: mbili, moja, mbili, moja. Hamna tofauti.

Tulipopaka rangi nyumba tukatoa mpira siku tano. Siku ya pili mzee anasema tatu. Siku ya nne, "Leo mama kajaribu mara nne akaghairi, kalala." Mpira ukarudi, wiki haijaisha tuko kwenye mbili. Na Krismasi tulikwenda naye Moshi kwa wakwe, bibi anasema mbwa gani mmemkondesha hivi, ndizi na nyama, ndizi na nyama, tumerudi skrepa wanasoma kilo 36. Mzee: tatu, nne, tatu. Ilichukua wiki saba kuzitoa zile kilo tatu alizopata kwa siku kumi na mbili. Mbwa mmoja na mzee mmoja sio utafiti, najua, lakini mi nilikuwa natafuta pa kupeleka hela za mwezi ujao, na kwa hilo kalenda ilinitosha.

Dawa ya maumivu tunayo, ya mbwa, meloksikamu ya maji inayopimwa kwa bomba la sindano kulingana na kilo, anapewa akishakula, kwa vipindi anavyopanga dokta na baada ya kupima damu ya figo na ini. Kipupwe cha Julai na siku alizokimbizana na paka ndo anaihitaji. Haikai kwenye kabati la baba watoto.

Kuna watu watatu mpaka sasa wameniletea majike. Meja ana sura, sikatai, kichwa kama cha kwenye kalenda, mmoja kaniwekea laki mbili mezani kwa kupandisha mara moja. Nikamuonesha picha ya nyonga. Akasema, "Si unaona lakini anatembea?" Ndo yaleyale ya baba yake kwenye simu. Ujerumani kwenyewe, chama chao cha hawa mbwa hakiandikishi mzazi ambaye nyonga zake hazijapigwa picha zikakubaliwa, kule Marekani OFA, taasisi inayokagua picha za nyonga, hawampi mbwa cheti cha kudumu kabla hajatimiza miezi 24, na kuna kipimo cha ulegevu wa nyonga kinaitwa PennHIP kinachoweza kufanywa hata kwa wa wiki 16. Sisi tunauliza rangi ya mgongo. Ukienda kununua omba picha ya nyonga za mama na baba, akikwambia hana basi muone mama akiwa anainuka, sio amelala.

Lile kopo la nne nilijaribu kulirudisha, nikajibiwa bidhaa ikishatoka hairudi. Kama unalitaka bei tutaelewana, ila umeshasoma. Yale matatu ya kwanza ni matupu, mawili nimetupa, la tatu nimelipiga mstari wa rangi ya kucha kwa ndani: likijaa chakula mpaka pale kwenye mstari ni gramu 210, moja asubuhi moja jioni, na watoto wanajua anayevuka mstari anaosha baraza. Kwa hiyo haya, nirekebishe. Nne kwa kumi.